Wanyama wasio na mkia: tuwaite Anura, ecaudatus, au nini?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari na ninaandaa faharasa ya istilahi kwa wanafunzi wangu. Nimekwama kwenye wanyama wasio na mkia. Kitabu kimoja kinasema hao ni Anura, kingine kinawaita Ecaudata, na kwenye orodha ya ndege nimekuta ecaudatus likiwa jina la tai ambaye mkia anao. Je, sayansi ina neno moja la wanyama hawa? Pimbi na sokwe nao niwaweke kwenye Anura? Na kwa Kiswahili niandikeje?"

Mwalimu, neno moja la kuwakusanya wote halipo, na lisingeweza kuwepo, kwa sababu wanyama hao si wa ukoo mmoja. Chura, sokwe, pimbi na popo mkubwa wa Pemba wote wametokana na mababu waliokuwa na mkia. Kila ukoo uliupoteza kwa wakati wake na kwa njia yake. Ukiwaweka chini ya jina moja la kisayansi utakuwa unawaambia wanafunzi kwamba wana undugu wa karibu ambao hawana.

Maneno uliyokutana nayo ni ya aina tatu, na vitabu vingi havizitenganishi. Anura ni jina la kundi, kama Mammalia au Reptilia, na lina wanachama wake maalumu. Ecaudatus ni sifa, yaani kivumishi cha Kilatini kinachobandikwa kwenye jina la spishi yoyote ambayo mtaalamu aliyeipa jina aliiona haina mkia. Aina ya tatu ni majina ya hali: mnyama ambaye kwa kawaida ya spishi yake angekuwa na mkia, lakini kazaliwa bila huo au nao ukiwa mfupi. Faharasa yako ikionyesha aina ya kila neno, nusu ya matatizo itakuwa imekwisha.

Tuanze na mizizi ya maneno, kwani mwanafunzi akiishika anaweza kusoma mamia ya majina bila kukariri. Kwa Kilatini mkia ni cauda. Kutoka hapo tunapata caudatus, mwenye mkia. Ecaudatus, asiye na mkia. Na brevicaudatus, mwenye mkia mfupi. Kiambishi e- mwanzoni ndicho kinachoondoa. Utakutana pia na acaudatus, ambalo limechukua kikanushi cha Kigiriki na kukipachika kwenye neno la Kilatini. Maana ni ileile. Kwa kuwa haya ni vivumishi, mwisho wake hufuata jinsia ya jina la jenasi: ecaudatus, ecaudata au ecaudatum. Spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, mwisho huo unaweza kubadilika, kwa hiyo mwanafunzi asidhani ecaudatus na ecaudata ni maneno mawili yenye maana mbili.

Kigiriki kina maneno mawili ya mkia. La kwanza ni oura. Ukitanguliza kikanushi, ambacho huwa a- mbele ya konsonanti na an- mbele ya vokali, unapata an-oura, na ndiyo asili ya Anura. Ukitanguliza brachys, fupi, unapata Brachyura; ukitanguliza makros, ndefu, unapata Macrura. La pili ni kerkos. Hili limo katika Cercopithecus, jenasi ya kima, ambayo maana yake ni nyani mwenye mkia. Limo pia katika serkaria, hatua ya kimelea cha kichocho inayotoka kwenye konokono wa maji baridi na kuogelea kwa mkia wenye panda hadi imfikie mtu. Inapopenya ngozi, serkaria huuacha mkia wake. Ni mfano mzuri darasani, kwa sababu mwanafunzi anayeishi karibu na ziwa au skimu ya umwagiliaji anaujua ugonjwa wenyewe.

Ongeza na mzizi wa tatu unaosahaulika: pyge, yaani matako au sehemu ya nyuma ya kiwiliwili. Kuna makundi mawili ya araknida (ngeli ya buibui na nge) yanayokaribiana, oda Uropygi na oda Amblypygi. Uropygi wana kiungo chembamba kama mjeledi nyuma. Amblypygi, wenye nyuma butu, hawana. Damon diadema, anayepatikana Kenya na Tanzania kwenye mapango na penye giza, ni wa kundi hili la pili. Ana mwili bapa na miguu ya mbele mirefu mno anayoitumia kupapasia njia, na watu humuua wakidhani ni buibui mwenye sumu. Sumu hana.

Hapa kuna mtego mkubwa, na naomba uuandike kwa herufi za kukoza katika faharasa yako. Anuria si hali ya kukosa mkia. Anuria ni istilahi ya tiba yenye maana ya figo kutotoa mkojo kabisa au kutoa kidogo sana, na inatokana na neno jingine la Kigiriki, ouron, mkojo. Ukichukua Anura na kujitungia nomino ya hali kwa kuongeza -ia, umeingia wodi ya figo. Kwa hali ya kukosa mkia, andika kwa Kiswahili tu: ukosefu wa mkia. Kwa mkia mfupi wa kurithi, istilahi ya jenetiki ni brakiuri, kutokana na brachys na oura, na hiyo unaweza kuitumia bila wasiwasi.

Sasa Anura wenyewe. Mwaka 1806 Mfaransa André Marie Constant Duméril aliwagawa amfibia aliowajua katika wasio na mkia na wenye mkia unaoonekana, akatumia maumbo ya Kifaransa, Anoures na Urodèles. Mwaka 1813 Gotthelf Fischer von Waldheim alitumia umbo la Kilatini, Anura. Leo Anura ni oda yenye spishi zaidi ya 7,000, na wote ni vyura: wa majini, wa mitini, wenye ngozi laini na wale wenye ngozi ya mabaka na vinundu. Ecaudata uliyoiona ni jina la zamani la kundi hilohilo. Libaki katika maelezo ya historia; katika mtihani tumia Anura.

Utakutana pia na Salientia, jina lililotolewa na Laurenti mwaka 1768, lenye maana ya warukaji. Wengine hulitumia kama kisawe cha Anura, lakini wataalamu wa visukuku hulitumia kwa upana zaidi, na tofauti hiyo ina faida kwako. Katika miamba ya Madagaska ya mwanzo wa kipindi cha Triasi, takriban miaka milioni 250 iliyopita, kulipatikana mabaki ya Triadobatrachus massinoti. Fuvu lake ni la chura, lakini alikuwa na pingili 14 za mgongo mbele ya nyonga ilhali chura wa leo hazidi 9, na alikuwa na mkia mfupi wenye pingili zilizoachana. Huyu ni Salientia, ila si Anura. Ni ushahidi wa wazi kwamba ukoo wa vyura ulianza na mkia, nao ukafupishwa pamoja na uti wa mgongo wote.

Katika amfibia wa leo, majirani wa Anura ni Caudata, ambao pia huitwa Urodela, yaani salamanda, wenye mkia maisha yao yote. Na Gymnophiona, wale wasio na miguu wanaofanana na mnyoo mnene. Hawa wa mwisho zamani waliitwa Apoda, wasio na miguu, na mkia wao ni mfupi sana au haupo kabisa. Milima ya Usambara na Uluguru ina spishi zao kadhaa, zikiwemo za jenasi Boulengerula na Scolecomorphus. Kwa hiyo hata ndani ya ngeli ya amfibia, Anura si wao peke yao wasio na mkia. Jina ni lao. Sifa wanaigawana na wengine.

Mkia wa chura umekwenda wapi? Swali hili litaulizwa darasani, na lina majibu mawili kwa sababu kuna mikia miwili. Chura mkubwa ana mfupa mrefu kama fimbo unaoitwa urostaili, uliotokana na pingili za mkia zilizoungana. Ukitaka kuuonyesha kwa chura wa mafunzo, mlaze kifudifudi, ondoa ngozi ya mgongo kuanzia katikati hadi mwisho, kisha sogeza pembeni misuli ya nyonga. Utaona mifupa miwili mirefu ya nyonga ikielekea nyuma, na katikati yake fimbo moja inayoanzia kwenye pingili ya nyonga. Katika vyura wengi hesabu ni pingili 8, kisha pingili 1 ya nyonga, kisha urostaili. Kosa la kawaida ni mwanafunzi kukata kwa kina katikati ya nyonga na kuivunja fimbo hiyo kabla hajaiona. Mkasi upite kando, si juu yake. Urostaili si mkia. Imefungwa ndani ya kiwiliwili, na hushikiliwa na misuli inayomsaidia chura kunyooka anaporuka.

Mkia wa pili ni wa kiluwiluwi. Huo hauna mifupa kabisa: una notokodi (fimbo laini inayoshikilia mgongo), ugwe mgongo, misuli na mapezi ya ngozi. Homoni ya dundumio ikipanda, seli za mkia huo hujiua kwa utaratibu na vimeng'enya huzivunjavunja, na mwili hutumia mabaki kama chakula. Mkia hauanguki wala haukatiki. Usiandike "chura hupoteza mkia wake" bila kueleza, maana watoto huenda kuutafuta ndani ya beseni.

Kwa walimu wanaofuga viluwiluwi darasani, makosa hutokea zaidi hapa. Maji ya bomba yaachwe wazi kwa saa 24 kabla ya kutumiwa ili klorini ipungue. Chakula kiwe majani ya mchicha yaliyochemshwa, kidogo kidogo, na yanayobaki yaondolewe kila siku kabla hayajachafua maji. Miguu ya nyuma hutokea kwanza, ya mbele baadaye. Siku miguu ya mbele inapotoka, punguza maji hadi kina cha sentimita 2 au 3 na weka jiwe linalochomoza nje, kwa sababu kuanzia hapo mnyama anategemea mapafu na asipopata pa kupanda atakufa maji. Katika siku hizo hali chochote, kwani mdomo na utumbo vinabadilika na anaishi kwa kuumeng'enya mkia wake. Ukiendelea kumwagia mchicha utaoza bure. Mkia huisha kwa siku chache hadi wiki moja hivi, kutegemea spishi na joto. Viluwiluwi wanaokua na kukua bila kugeuka mara nyingi wamekosa iodini au wako kwenye maji ya baridi mno.

Si kila chura hupitia beseni, lakini. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, wa maporomoko ya Mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, huzaa vitoto ambavyo tayari ni vyura. Hatua ya mkia humalizika ndani ya mama. Ukimweka katika faharasa, mwandike kama Anura asiye na kiluwiluwi wa nje.

Na kuna chura "mwenye mkia" wa kutatanisha wanafunzi wako bora. Ascaphus truei wa vijito vya baridi vya kaskazini-magharibi mwa Amerika Kaskazini ana kitu kinachochomoza nyuma, kwa dume tu. Si mkia. Ni kurefuka kwa kloaka, tundu moja la choo, mkojo na uzazi, na hukitumia kupitisha mbegu ndani ya jike pale ambapo maji ya kasi yangezisomba.

Mfano huo unatufikisha kwenye jambo ambalo faharasa nyingi hulikwepa: mkia ni nini hasa? Katika faila ya Chordata, yaani wanyama wenye uti wa mgongo na ndugu zao wa karibu, mkia ni sehemu ya mwili inayoendelea nyuma ya mkundu, yenye mhimili wa notokodi au pingili pamoja na misuli. Kipimo ni rahisi: tafuta mkundu, kisha angalia kama mwili unaendelea baada yake. Kwa kipimo hiki nyoka ana mkia, mfupi lakini halisi, unaoanzia kwenye kloaka. Nge hana: kile kinachoitwa mkia wake kina utumbo ndani, na mkundu uko mwishoni kabisa, kabla ya kifuko cha sumu. Kamba wa baharini hana, kwa sababu kinacholiwa ni fumbatio lenye misuli na mkundu uko kwenye ncha yake. Ndiyo maana Brachyura, kundi la kaa wa kweli akiwemo kaa wa mikoko Scylla serrata, lina jina la mkia mfupi ilhali kilichofupishwa ni fumbatio. Mgeuze kaa chali utalikuta limekunjwa chini ya kifua: jembamba kwa dume, pana kwa jike, ambaye hulitumia kuatamia mayai.

Kuhusu ecaudatus ya yule tai. Huyo ni pungu, Terathopius ecaudatus, aliyepewa jina na Daudin mwaka 1800. Mkia anao, tena wenye pingili na manyoya kama wa ndege wengine, ila manyoya yake ni mafupi kiasi kwamba akiruka miguu huchomoza nyuma yake. Pungu mchanga ana mkia mrefu kidogo kuliko mzima, na kadiri anavyobadilisha manyoya kwa miaka kadhaa mkia unazidi kuwa mfupi. Hali ni hiyohiyo kwa Tenrec ecaudatus wa Madagaska, ambaye watu walimpeleka pia Komoro, Morisi na Shelisheli: ana mkia wa sentimita 1 hivi, umefichwa na manyoya magumu. Schreber alipompa jina mwaka 1778 aliandika alichokiona kwa nje.

Mfano unaoeleza kanuni vizuri kuliko yote ni wa popo wa Amerika Kusini, Anoura caudifer. Jina la jenasi linasema hana mkia. Jina la spishi linasema ana mkia. Geoffroy alimwita caudifer mwaka 1818 akiwa katika jenasi nyingine, kisha jenasi Anoura ikaundwa mwaka 1838 na popo huyo akahamishiwa humo akiwa na jina lake la spishi. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina zinasema wazi kwamba jina halifutwi kwa sababu tu halimfai mnyama. Jina la spishi ni kitambulisho. Usimruhusu mwanafunzi aandike maelezo ya umbo la mnyama kwa kutafsiri jina lake la Kilatini.

Popo wanatuletea mfano wa nyumbani pia. Popo mkubwa wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, anayepatikana katika kisiwa hicho tu, hana mkia, kama popo wengine wa jenasi Pteropus. Hata hivyo, ukisoma maelezo ya kiwiliwili chake utakuta neno uropatagium, utando wa ngozi kati ya miguu ya nyuma, lenye mzizi wa oura ndani yake. Neno lilitungwa kwa popo ambao utando wao hushika mkia, likabaki kwa wote. Kwa popo wa Pemba utando huo ni mwembamba tu pembeni mwa miguu.

Pimbi sasa. Pimbi wa mawe Procavia capensis, pimbi wa jenasi Heterohyrax na perere wa mitini, Dendrohyrax, wote ni oda Hyracoidea, na ndugu zao wa karibu ni tembo na nguva. Mkia wa nje hauonekani, lakini mifupani kuna pingili chache ndogo za mkia zilizozikwa chini ya ngozi. Andika: "Hyracoidea, mkia wa nje haupo au ni kisiki tu, pingili chache zimebaki." Usiandike Anura hata kidogo. Simbilisi, Cavia porcellus, anayefugwa sana nyanda za juu kusini mwa Tanzania, naye hana mkia wa nje na ana pingili ndani, lakini ni mgugunaji. Ukipapasa mwisho wa mgongo wake kwa kidole utazihisi. Wafugaji wapya huwachanganya simbilisi na pimbi kwa sababu ya umbo hilo la nyuma, wakati kwa ukoo wako mbali sana.

Sokwe, gorila, orangutani, giboni na binadamu ni Hominoidea, familia kuu ambayo hakuna mwanachama wake mwenye mkia. Hiki ndicho kipimo cha haraka cha kuwatenganisha na nyani, kima, mbega na tumbili, ambao wana mkia. Miongoni mwa wanaovuruga kipimo yumo Macaca sylvanus wa Moroko, Algeria na Gibraltar, ambaye mkia wake ni kinundu kisichoonekana vizuri. Huyo ni wa familia ya nyani, Cercopithecidae, na alipoteza mkia peke yake. Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo wa majina mawili ya Kilatini, aliwapanga Simia, jenasi aliyowaweka nyani na jamii ya sokwe, kwa kuangalia mkia: wasio nao, wenye mfupi, wenye mrefu. Mpangilio huo uliwaweka pamoja wanyama wasio ndugu, na wataalamu waliomfuata waliuvunja.

Binadamu tunabaki na kifandugu, pingili 3 hadi 5, kwa kawaida 4, zilizoungana mwishoni mwa uti wa mgongo. Kiinitete cha mtu kina mkia halisi kuanzia wiki ya 4 hivi, wenye pingili changa, na hufyonzwa hadi kufikia wiki ya 8. Mwaka 2024 Bo Xia na wenzake walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya jinsi Hominoidea walivyoupoteza. Katika babu wa kundi hilo, takriban miaka milioni 25 iliyopita, kipande cha DNA cha aina iitwayo Alu kilijipachika ndani ya jeni TBXT. Jirani yake kulikuwa na Alu nyingine iliyoelekea kinyume. Viwili hivyo hushikana kwenye nakala ya RNA na kuifanya sehemu iliyo kati yao, eksoni ya 6, irukwe katika baadhi ya nakala, na protini inayotengenezwa huwa fupi. Panya waliotengenezwa wakiwa na protini ya aina zote mbili walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia, na baadhi yao walipata kasoro ya mgongo wazi.

Jeni hiyo ndiyo inayotuunganisha na istilahi za hali. Mwaka 1927, huko Paris, Nadezhda Dobrovolskaïa-Zavadskaïa alieleza panya wenye mkia mfupi wa kurithi, na kutokana nao jeni ikaitwa Brachyury, kwa kifupi T. Panya mwenye nakala moja yenye kasoro hupata mkia mfupi. Mwenye nakala mbili hufa tumboni. Kasoro za jeni hiyohiyo ndizo zinazowafanya paka wa Kisiwa cha Man, na baadhi ya mbwa kama Corgi wa Pembroke, wazaliwe bila mkia au na kisiki. Ndiyo sababu paka wawili wa aina hiyo wasio na mkia hawapandishwi pamoja: robo ya viinitete hupata nakala mbili na kufa. Hata waliozaliwa salama wachunguzwe miezi ya mwanzo. Wakirukaruka kwa miguu yote miwili ya nyuma kama sungura, wakivuja mkojo, au choo kikiwa kigumu mno, tatizo liko kwenye mwisho wa ugwe mgongo, wala si la lishe.

Kwa kuku, wafugaji wa Tanzania wanamjua bukini, asiye na manyoya mkiani. Mshike na ubonyeze mwisho wa mgongo. Kuku wa kawaida, hata kama manyoya yameng'olewa na wenzake au anabadilisha manyoya, ana kinundu chenye tezi ya mafuta juu yake, na manyoya yake yatarudi kwa wiki kadhaa. Kuku asiye na mkia wa kurithi anakosa kinundu na tezi vyote viwili, kwa sababu pingili za mwisho hazikuumbika. Mayai yake mara nyingi hayarutubishwi vizuri: manyoya ya nyuma huanguka juu ya kloaka na kuzuia jogoo. Kuyapunguza kwa mkasi kuizunguka kloaka, kwa jike na dume, husaidia.

Usichanganye hayo na mkia uliopotea baada ya kuzaliwa. Mjusi kafiri huukata mkia wake mwenyewe akishikwa. Istilahi ni autotomia. Mkia mpya huota ukiwa na fimbo ya gegedu mahali pa pingili, na rangi yake mara nyingi haifanani na ya ule wa kwanza. Kondoo au mbwa aliyekatwa mkia na mtu ni kaudektomia. Papasa ncha: penye kukatwa mara nyingi kuna kovu lisilo na manyoya na pingili inaishia ghafla, wakati kisiki cha kuzaliwa huchongoka taratibu au huwa na kipinda, na ngozi yake ni nzima.

Kwa uandishi wa Kiswahili, fuata hivi. Majina ya spishi na jenasi yaache katika Kilatini, kwa mlazo, bila kubadili tahajia: Terathopius ecaudatus, kamwe si "ekaudatusi". Majina ya oda yaanze kwa herufi kubwa, bila mlazo, na utangulize neno oda: "oda Anura". Ukihitaji nomino ya kawaida ya wanachama wake, ipo tayari, ni chura. Sifa iandike kwa maneno ya Kiswahili, "asiye na mkia wa nje" au "mwenye kisiki cha mkia", na maneno "wa nje" usiyaache unapomzungumzia pimbi, simbilisi au binadamu. Istilahi za sehemu na hali zisizo na neno letu zipewe tahajia yetu: urostaili, brakiuri, autotomia, kaudektomia. Kifandugu libaki kifandugu. Lipo na linatumika.

Swali la mtihani linalosema "Taja wanyama watano wa kundi la wasio na mkia" libadilishe. Uliza: "Chura, pimbi, sokwe na kaa wote huonekana hawana mkia. Taja kundi la kila mmoja, na ueleze ni mfupa gani au sehemu gani ya mwili iliyopo mahali ambapo mkia ungetarajiwa." Chura, oda Anura: urostaili. Pimbi, oda Hyracoidea: pingili chache chini ya ngozi. Sokwe, familia kuu Hominoidea: kifandugu. Kaa, Brachyura: fumbatio lililokunjwa chini ya kifua, ambalo tangu mwanzo halikuwa mkia.